Je, Tunajua Kuamua Mambo Yetu?

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma mazungumzo haya gazetini badala ya kuyasikia, wiki mbili zilizopita niliomba jambo dogo katika kipindi. Niliwaomba wasikilizaji waniandikie ujumbe kwa simu, kila mmoja anitajie uamuzi wake ulio bora kuliko yote aliyowahi kuyafanya, na ule ulio mbaya kuliko yote. Majibu yalikuja mengi kuliko nilivyotazamia. Mmoja aliacha kazi ya ulinzi akaanza kukaanga chipsi, na leo ana vibanda vitatu. Huo ndio uamuzi wake bora. Mama mmoja alimkopesha shemeji yake fedha za ada, shemeji akahama mji bila kuaga. Huo ndio wake mbaya. Kijana mwingine alisafiri na basi la saa 12 asubuhi badala ya lile la saa 11, na lile la saa 11 likaharibikia porini, abiria wakalala huko huko. Naye anajihesabu kuwa mwamuzi hodari.

Niliusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine hadi usiku, nikagundua kitu. Karibu wote walinieleza mambo yaliishaje. Hakuna aliyenieleza aliamuaje. Nilimpigia simu yule kijana wa basi kumwuliza kwa nini alichagua la saa 12. Akacheka, akasema alichelewa kuamka.

Siwacheki wasikilizaji wangu, kwa sababu kosa hilo hilo nimelifanya mimi, na likamgharimu mtu ambaye hakustahili kabisa kulipia makosa yangu. Leo nataka tuzungumze juu ya hilo: namna mtu anavyoweza kujipima kama anajua kuamua, na namna ya kujirekebisha akijikuta hajui.

Mwaka 2014 nilinunua kiwanja nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Jamaa mmoja tuliyekuwa tukikutana naye kwenye kijiwe cha kahawa aliniambia kuna mzee ana shida ya fedha, anauza eneo lake kwa bei ya kutupa, na kuna mtu mwingine atafika kesho yake asubuhi na fedha mkononi. Nilikwenda jioni ile ile, giza likiwa limeanza kuingia. Sikuwauliza majirani wa mipaka. Sikwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza kama eneo lile limepangiwa shule au barabara. Sikuuliza hata kama mzee ana mke na kama mke anakubali pauzwe. Tuliandikishana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, nikahesabu fedha, nikarudi nyumbani nimejaa furaha.

Miaka mitatu baadaye barabara ya lami ilipita si mbali na pale, na bei ikapanda mara nne. Ghafla nikawa mtu mwenye akili. Kwenye misiba na kwenye vikao vya harusi wajomba walinitolea mfano: tazameni mwenzenu, huyu anaona mbali. Nami, ndugu msikilizaji, niliamini. Ukiambiwa mara kumi kwamba unaona mbali, mara ya kumi na moja unaanza mwenyewe kukodoa macho uone huko mbali kuna nini.

Mwaka 2018 dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alistaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Huyu ndiye aliyenilipia ada ya stashahada ya uandishi wa habari baada ya baba yetu kufariki. Alipopata kiinua mgongo chake hakumpigia simu mtu mwingine yeyote katika ukoo, alinipigia mimi. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe una jicho la viwanja. Hizi fedha nizifanyeje?" Nikamjibu bila kupepesa macho: "Dada, nunua kiwanja." Na dalali wa kumtafutia nikampa yule yule wa kijiwe cha kahawa.

Alitoa shilingi milioni 12. Hata miezi minne haijaisha akatokea mtu wa pili mwenye karatasi kama yake ya eneo lile lile, kisha akatokea wa tatu. Muuzaji alikuwa amekwisha kuhama, simu yake haipatikani, na yule jamaa wa kahawa akaapa kwa miungu yote kwamba naye alidanganywa.

Sasa hebu tuyaweke mezani manunuzi hayo mawili, langu na la dada. Haraka ni ile ile. Kutouliza ni kule kule. Karatasi ya daftari na sahihi ya mjumbe, ndizo zile zile. Tofauti ni kwamba mzee aliyeniuzia mimi alikuwa mkweli, na aliyemwuzia dada alikuwa tapeli. Lakini wakati nahesabu fedha zangu mwaka 2014 mimi sikuwa na njia ya kujua kwamba yule mzee ni mkweli. Kwa hiyo uamuzi wangu ulikuwa mbaya tangu jioni ile ya kwanza. Lami iliupaka rangi tu. Kama ningetapeliwa mimi mwaka ule wa 2014 ningepata hasara, lakini dada yangu asingenipigia simu mwaka 2018, na fedha zake zingekuwapo.

Ubaya wa kupima uamuzi kwa matokeo ni huo: unakufundisha kurudia ulichobahatika. Tena unakufundisha kuacha ulichokifanya vizuri lakini hukubahatika.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1988 Wamarekani wawili, Jonathan Baron na John Hershey, walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo waliwapa watu kisa cha mgonjwa wa moyo mwenye umri wa miaka 55, na daktari aliyeamua mgonjwa huyo apasuliwe. Hatari ya kufa katika upasuaji ilitajwa wazi: asilimia 8. Katika kisa kimoja mgonjwa anapona, katika kingine anafariki. Mengine yote yalikuwa sawasawa. Waliosoma walitakiwa kuupima uamuzi wa daktari, si bahati ya mgonjwa. Hata hivyo, mgonjwa akipona daktari alipata alama nyingi zaidi, na akifa alionekana ameamua vibaya. Fikiri kidogo juu ya daktari huyo. Anajua kwamba kati ya wagonjwa 100 wa namna hii, 8 watamfia mikononi hata akifanya kila kitu sawa. Ndugu wa wale 8 watamwona ni mzembe, na ndugu wa wale 92 watamletea kuku.

Basi utasema: vema, nitaacha kuangalia matokeo, nitakumbuka nilivyofikiri siku ile ninaamua. Hapo tunakutana na tatizo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Hukumbuki. Unadhani unakumbuka, lakini hukumbuki.

Mwaka 1972 Rais Richard Nixon wa Marekani alifanya safari mbili zilizoushangaza ulimwengu, mwezi Februari China na mwezi Mei Urusi ya Kisovieti. Kabla ya safari hizo Baruch Fischhoff na Ruth Beyth, waliokuwa wakifanya utafiti wao Israeli, waliwapa wanafunzi orodha ya mambo yanayoweza kutokea, kwa mfano kama Nixon ataonana na Mao, wakawataka wakadirie uwezekano wa kila jambo. Safari zilipokwisha waliwarudia na kuwaomba wakumbuke makadirio yao ya mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Mambo ambayo yalikuwa yametokea, wanafunzi walikumbuka kwamba waliyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoyapa kweli. Hawakuwa wakidanganya. Kumbukumbu ilikuwa imejipanga upya kufuata habari.

Sisi Waswahili tunawajua watu hawa, wako katika kila mtaa. Nyumba ikiungua walijua. Ndoa ikivunjika walijua tangu siku ya posa. Dada yangu alipotapeliwa, nusu ya ukoo wetu ulikuwa umejua, na baadhi yao ni wale wajomba walionisifu kwenye vikao vya harusi. Lakini nisiwaseme wao tu. Mimi mwenyewe, miezi michache baada ya balaa lile, nilijikuta nikimwambia mke wangu kwamba hata mimi yule dalali sikuwa na imani naye sana. Mke wangu alinitazama tu. Kisha akaniuliza: "Ulimwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu sikuwa nimeliwaza.

Kwa hiyo mwanzoni mwa 2019 nilinunua daftari, lile kubwa la jalada gumu tunaloliita kauntabuku. Utaratibu wenyewe ni rahisi na hauhitaji elimu kubwa. Kabla sijatoa fedha, kabla sijasaini, kabla sijasema ndiyo kwa jambo zito, naandika kwanza tarehe na saa, na kwa sentensi moja naandika ninaamua nini. Kisha naandika yale ninayoyajua, na mbele ya kila moja naandika nimelijuaje: nimeliona kwa macho, nimelisoma kwenye hati, nimeambiwa na fulani. Hapo ndipo mtu hushtuka. Lau ningekuwa na daftari hilo mwaka 2014, mbele ya kila mstari pangesomeka neno moja tu: nimeambiwa, nimeambiwa, nimeambiwa.

Baada ya hapo naandika njia nyingine nilizoziacha. Wengi wetu tukifika hapa tunaishiwa, kwa sababu swali letu tangu mwanzo lilikuwa moja: ninunue au nisinunue? Mtu anadhani ana chaguo mbili, kumbe ana moja iliyovaa kanzu mbili. Dada yangu alikuwa na nafasi ya kununua kiwanja kidogo zaidi kilichopimwa na chenye hati, ambayo ungeweza kwenda kuiulizia kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata senti moja. Alikuwa na nafasi ya kununua hatifungani za serikali. Alikuwa na nafasi ya kuziacha fedha benki miezi sita akapumzika, akafikiri. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotajwa katika simu yetu ile, iliyochukua dakika chache tu.

Kisha natazamia nini, na nina hakika kiasi gani. Hii hakika naiandika kwa namba, kati ya 10. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto, lakini neno "labda" halishikiki. Ukisema "labda biashara itakwenda", ikienda ulisema itakwenda, isipokwenda ulisema labda.

Mwisho naandika hali yangu ya siku ile. Je, nimelala vizuri? Nina hasira na mtu? Yupo anayeniharakisha? Mtu akiniambia yupo mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi, maneno hayo nayaandika kama yalivyo. Yakiwa kwenye karatasi hupungua nguvu. Halafu naweka tarehe ya kulisoma tena, baada ya miezi sita au mwaka, na naifunga kauntabuku.

Si kila jambo linastahili wino. Nyanya za jioni hazihitaji daftari, wala rangi ya shati. Mimi hujiuliza: nikikosea hapa, naweza kurudi nyuma kesho? Kama naweza, naamua haraka na kuendelea na shughuli. Kama siwezi, au kurudi kutanigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi, naandika, tena nalala nalo usiku mmoja angalau.

Baada ya miaka miwili nilikaa Jumapili moja nikajikagua. Nitaeleza jinsi ya kujikagua, kwa kuwa hapo ndipo penye faida. Chukua mtabiri wa hali ya hewa. Akisema leo nafasi ya mvua ni 7 kati ya 10, na mvua isinyeshe, huwezi kusema amekosea. Alikuachia zile 3. Lakini mkusanyie siku zote alizosema 7 kati ya 10. Kama ni siku 100, mvua inapaswa kuwa imenyesha siku zipatazo 70. Ikiwa imenyesha siku 40, basi mtabiri wetu anajisifu kupita kiasi. Uamuzi mmoja hauwezi kukupima, mengi kwa pamoja yanaweza.

Nikafanya hesabu zangu. Mara 14 nilikuwa nimeandika kwamba nina hakika ya 9 kati ya 10. Zilizotimia zilikuwa 8. Yaani pale nilipokuwa na hakika kabisa, nilikuwa naambulia zaidi ya nusu kidogo. Sikuwaambia watu kazini. Nilipoangalia kwa makini nikaona kwamba karibu makosa yote yako mahali pamoja. Kuhusu bei za vitu nilikuwa nakisia vizuri, kuhusu watu nilikuwa wastani. Nilichokuwa sikijui kabisa ni muda: kazi itakwisha lini, fundi ataleta lini, mkopo utatoka lini. Miaka yote ile nilijiona mtu wa ratiba, kwa kuwa redioni taarifa ya saa mbili husomwa saa mbili. Siku hizi nikihisi 9 kuhusu muda naandika 6, na hainiangushi sana. (Kuhusu mafundi wa aluminiamu naandika 3.)

Sasa niwaeleze jambo lililonifanya nilithamini daftari hilo kuliko hesabu zote. Uamuzi mkubwa wa kwanza nilioandika humo, mwaka huo huo wa 2019, ulikuwa wa kufungua duka la steshenari na mashine ya kutoa kopi karibu na shule mbili. Safari hii sikukurupuka. Nilikaa nje ya geti la shule asubuhi tatu nikihesabu watoto wanaovuka barabara kwenda kutoa kopi mbali. Niliuliza kodi ya fremu katika sehemu nne. Mashine niliikaguliwa na fundi ambaye hakuwa na uhusiano na muuzaji. Nilifanya pia zoezi alilolieleza Mmarekani Gary Klein mwaka 2007: unajifanya kwamba mwaka umepita na biashara imekufa, kisha unaandika imekufa kwa nini. Nikaandika sababu tisa: wizi, umeme kukatika, mshindani, kijana wa dukani kuchoka, na kadhalika. Hakika yangu niliipa 7.

Machi 2020 serikali ilifunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wa msingi na sekondari hawakurudi hadi mwishoni mwa Juni. Mwezi wa tano nilifunga duka nikauza mashine kwa hasara. Na mnajua yaliyofuata. Walijua. Mtangazaji gani anaacha maikrofoni anakwenda kuuza madaftari? Nami nilikuwa tayari kukubali. Nilishaanza kujiambia kwamba mimi na biashara hatuna undugu, nisijaribu tena maishani.

Tarehe niliyojiwekea ilipofika nilifungua kauntabuku nikasoma. Nilikuta mtu aliyeuliza, aliyehesabu, aliyelinganisha, aliyeandika wazi kwamba kuna nafasi 3 kati ya 10 za kushindwa. Ugonjwa wa dunia nzima haukuwamo katika sababu zangu tisa, na sidhani ulikuwamo katika za mwenye duka mwingine yeyote pale mtaani. Lakini nilikuta na kitu kingine, ambacho bila maandishi yale nisingekiona kamwe. Katika sababu namba mbili, umeme kukatika, nilikuwa nimeandika: "weka akiba ya kodi ya miezi mitatu." Nikaacha. Fedha hizo nilinunulia rafu za kioo. Akiba ile ingenivusha mpaka Juni. Kwa hiyo uamuzi wa kufungua duka ulikuwa mzuri, na ule mdogo wa rafu ulikuwa mbaya, na bila daftari ningevitupa vyote viwili katika shimo moja na kuliita korona.

Nirudi kwa dada, kwa sababu habari yake haikuishia kwenye zile milioni 12. Mgogoro ulipoanza, watu wawili wenye akili timamu, mimi na yeye, tuliamua kujenga uzio wa matofali kuzunguka kiwanja ili tuonekane wenye mali. Uzio ulikula milioni 3 nyingine. Kila tulipotaka kusita tuliambiana neno moja: tumeshaingiza fedha nyingi pale, hatuwezi kuziacha zipotee. Hal Arkes na Catherine Blumer walilionyesha jambo hili mwaka 1985, katika ukumbi mmoja wa maigizo huko Ohio. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima, baadhi yao waliuziwa kwa bei kamili ya dola 15 na wengine wakapunguziwa bila kutazamia, kwa kubahatisha tu. Tiketi ni zile zile, michezo ni ile ile. Lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi. Fedha zilizokwisha kutoka zilikuwa zikiwasukuma miguu. Zile milioni 12 nazo zilikuwa zimekwisha kutoka, tujenge tusijenge. Swali la kweli lilikuwa juu ya zile milioni 3 peke yake: je, kwa ushahidi tulio nao leo, uzio huu utatusaidia barazani? Mwanasheria alituambia hapana. Tulimwuliza baada ya kujenga.

Sasa niseme juu ya ushauri, maana katika nchi yetu maamuzi makubwa hatuyafanyi peke yetu, na nadhani ni vizuri hivyo. Mwaka 1772 Joseph Priestley, mchungaji na mwanasayansi wa Kiingereza, alikuwa akihudumia kanisa moja mjini Leeds. Tajiri mmoja mwenye cheo, Lord Shelburne, alimtaka aache kazi hiyo akamfanyie kazi yeye. Priestley alikuwa na mke na watoto, hajui la kufanya, akamwandikia barua rafiki yake Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, ambaye kwa taaluma alikuwa mchapaji na mtu wa magazeti kama sisi. Franklin alimjibu Septemba 19 mwaka huo. Alimwambia kwamba hana habari za kutosha kumshauri aamue nini, ila akipenda atamweleza aamueje. Gawa karatasi kwa mstari katikati, upande mmoja sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa. Usimalize siku moja. Kwa siku tatu au nne andika kila sababu inapokujia, kwa kuwa hazimjii mtu zote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana leo tunataka na kesho hatutaki. Kisha tafuta sababu za pande mbili zinazolingana uzito, uzifute pamoja, mpaka uone upande gani umebaki na kitu.

Priestley alikubali kazi ile, na mwaka 1774, akiwa katika nyumba ya Shelburne, aliipata hewa tunayoiita leo oksijeni. Unaona jaribu linavyotuita tuseme: kumbe aliamua vizuri! Lakini hata angeondoka pale mikono mitupu, barua ya Franklin ingebaki kuwa ushauri mzuri.

Mimi niliposoma habari hiyo sikufikiri juu ya oksijeni. Nilifikiri juu ya ile simu ya mwaka 2018. Mwalimu mstaafu, aliyelea ndugu zake, alinipigia kuniuliza afanyeje, nami bila kujua ana deni gani, mumewe anasemaje, anataka kuishi wapi uzeeni, nikamjibu: nunua. Franklin alikuwa na unyenyekevu wa kusema hajui. Mimi nilikuwa na kiwanja kilichopanda bei.

Mwezi uliopita dada alinipigia tena. Amepata mtu anayetaka kununua shamba lake dogo la mikorosho alilorithi kwa marehemu mama mkwe, na bei si mbaya. Nilisikia sauti yake ikisita kidogo kabla ya kuniuliza, na sitamlaumu mtu kwa kusita akitaka ushauri wangu juu ya ardhi. "Mdogo wangu, unaonaje?" Nikamwambia: "Dada, sijui. Lakini una daftari hapo karibu?" Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima. Nilimwuliza bei hiyo ameijuaje, akasema ameambiwa na mnunuzi. Tukacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokwisha kuchomwa. Nilimwuliza korosho zimemwingizia kiasi gani katika misimu mitatu iliyopita, akasema atatafuta karatasi za chama cha msingi. Nilimwuliza akiuza, fedha zitakwenda wapi siku ya pili yake. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hilo sijaliandika."

Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenyewe hadi shambani, akazungumza na majirani wa mipaka yote minne, akalala kule siku mbili. Hajaniambia ameamuaje, nami sijamwuliza.